Mtoto Akiumizwa na Tiba, Siku za Kwanza Ndizo Zenye Uzito

Mwanzoni mwa 2015, wazazi walioishi karibu na zahanati ya Akichelesi katika kaunti ya Busia walijitokeza na malalamiko yanayofanana. Waliwapeleka watoto wao kutibiwa malaria, watoto wakadungwa sindano, na baadaye miguu ikaanza kulegea. Kuna waliochechemea, kuna walioshindwa kukanyaga kabisa. Hesabu iliyotangazwa ilifika watoto 28. Serikali ikalazimika kuchunguza, wanahabari wakafurika, na zahanati ambayo hapo awali ilijulikana na wakazi wake tu ikatajwa katika taarifa za habari nchi nzima.

Wingi wao ndio uliowapa sauti. Mama mmoja akisema mwanawe amelemazwa na sindano, ni rahisi kumjibu kwamba huenda mtoto alianguka, huenda ugonjwa ulikuwa umemkolea, huenda alichelewa kuletwa. Wazazi wa watoto 28 huwezi kuwajibu hivyo.

Katika mtaa wa Riruta Satellite, Nairobi, mzazi hana wenzake 27. Mtoto wake huumia peke yake, usiku, katika kliniki iliyo juu ya duka la M-Pesa, au katika wadi ambako watoto wawili wanalazwa kitanda kimoja. Kukipambazuka zamu imebadilika, na aliyedunga sindano ameshaenda nyumbani. Makala haya yanamhusu mzazi huyo. Nguvu aliyo nayo ni kubwa kuliko anavyodhani, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko katika siku chache za kwanza, na imo katika karatasi. Kwamba mtu aliyechanganyikiwa kwa hofu au msiba ndiye anayetakiwa kuzikusanya karatasi hizo, wakati hospitali ndiyo yenye faili, makarani na mawakili, ni dhuluma. Hata hivyo ndivyo mambo yalivyo leo, na ni heri ajue.

Safari ya mtoto mgonjwa katika mitaa hii haiendi hospitali moja kwa moja. Homa ikipanda saa tatu usiku, mama hushuka kwa kemisti aliye karibu na kununua dawa ya maji. Asubuhi ikiwa haijashuka, huingia kliniki ya kibinafsi kando ya Naivasha Road, mtoto akadungwa sindano. Siku ya tatu hupanga foleni katika Kituo cha Afya cha Riruta. Hali ikizidi, anaandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Mbagathi, na kutoka Mbagathi huenda akapelekwa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Upande wa Kibera safari ni hiyo hiyo, ila vituo vinatofautiana majina. Kufikia hapo mtoto amepita katika mikono ya watu watano au sita, na kila mmoja ana sababu ya kuamini kwamba kosa lilitendeka kabla hajamgusa. Pasipo risiti ya kemisti, pasipo kadi ya kliniki, pasipo ile barua ya rufaa, hakuna awezaye kusema kwa yakini mtoto alipewa nini, kiasi gani, na lini.

Watoto wako katika hatari ya pekee kwa sababu dawa zao hupimwa kwa kilo. Mtu mzima hupewa vidonge viwili awe mnene au mwembamba. Mtoto wa kilo saba na mtoto wa kilo kumi na nne wanahitaji vipimo tofauti kabisa, na hesabu hiyo mara nyingi hufanywa kwa kichwa na mtu aliyechoka. Nukta ya desimali ikikaa pabaya, mtoto anapata dozi mara kumi. Gentamisini, dawa inayotumika sana kwa watoto wachanga wenye maambukizi, ikizidi inaweza kudhuru figo na masikio. Maji ya mishipa yakimiminwa kwa kasi isiyofaa huleta madhara yake. Wizara ya Afya ina kijitabu cha miongozo ya matibabu ya watoto chenye majedwali ya dozi kwa kila uzito, ili mhudumu asilazimike kukisia. Jedwali hilo halina faida ikiwa mizani ya kliniki ni mbovu au ikiwa mtoto hakupimwa kabisa.

Ndiyo maana swali moja la adabu, linaloulizwa kabla ya sindano, lina thamani kubwa: “Sista, mtoto ana kilo ngapi leo, na hii dawa ni kiasi gani kwa kilo hizo?” Nesi mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Anayekasirika naye atalazimika angalau kuitazama tena chupa.

Ni lazima pia kusema kwamba si kila tokeo baya ni kosa. Nimonia kali huua hata mtoto aliyetibiwa ipasavyo. Dawa sahihi kwa kipimo sahihi inaweza kuleta mzio ambao hakuna aliyeutarajia. Aidha wahudumu wengi wa hospitali za umma za Nairobi hufanya kazi katika hali ambayo ingemshinda yeyote: nesi mmoja wa zamu ya usiku akiwaangalia watoto wachanga zaidi ya kumi, wanaohitaji dawa saa ile ile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa mmoja kati ya kumi hudhurika wakati wa kupokea huduma, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati huduma isiyo salama hospitalini huchangia vifo milioni 2.6 kila mwaka. Idadi kama hiyo haitokani na watu waovu wachache. Mwaka wa 2018, pale Kenyatta, madaktari walimpasua kichwa mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji, kwa sababu vitambulisho vya wagonjwa wawili vilichanganywa. Waligundua baada ya saa kadhaa, walipokosa damu iliyoganda ambayo walikuwa wakiitafuta. Mkurugenzi wa hospitali, Lily Koros, alipewa likizo ya lazima, na wahudumu wakasimamishwa kazi. Iwapo hilo liliwezekana katika hospitali kubwa zaidi nchini, mzazi asione haya kushuku kwamba limetokea katika kituo kidogo.

Basi mzazi aanzie wapi? Aanze na mtoto mwenyewe. Kabla ya lawama, mtoto apate mtu wa pili wa kumwangalia. Mkataba wa kitaifa wa haki za wagonjwa, uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2013, unampa mgonjwa haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Hivyo mzazi anayeambiwa “lipa kwanza” huku mtoto akitweta anaweza kukitaja Kifungu cha 43 kwa sauti, na akitaje mbele ya watu. Kumhamisha mtoto kusifanywe kwa hasira, maana mtoto asiye imara anaweza kufia ndani ya teksi. Amwombe daktari barua ya rufaa yenye orodha ya dawa zote zilizotolewa na saa zake, kisha aipige picha hapo hapo.

Saa hizo hizo, mtu mmoja wa familia apewe kazi ya kuandika. Asiwe mama, ambaye hawezi kumwachilia mtoto. Shangazi, au kaka mkubwa, au jirani anayeaminika anafaa. Daftari la shule linatosha. Humo iandikwe saa walipofika, nani aliwapokea, mtoto alikuwa na hali gani, nani alisema nini. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye beji, na asiye na beji aulizwe kwa upole. Chupa ya dawa, pakiti na sirinji vinavyotumika nyumbani visitupwe. Vitiwe kwenye mfuko safi. Risiti za M-Pesa hubaki kwenye simu zikionyesha siku na saa, nazo zimekwisha kuwasaidia watu wengi ambao hawakujua kwamba wanaweka ushahidi. Baada ya wiki mbili kumbukumbu ya mtu aliyelia na kukesha huanza kuyumba, na wakili wa hospitali atajua namna ya kuitikisa. Daftari lililoandikwa usiku ule halitikisiki kirahisi.

Linalofuata ni faili, na hapa ndipo wazazi wengi wa Kawangware na Kibera hukwama. Huambiwa faili ni mali ya hospitali. Huambiwa warudi Jumatatu, na Jumatatu faili haionekani. Karatasi zenyewe ni za hospitali, sawa, lakini yaliyoandikwa humo ni habari za mtoto, na sheria iko upande wa mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuona taarifa zake zinazohifadhiwa na mwingine, na mzazi ndiye anayeitumia haki hiyo kwa niaba ya mtoto. Kwa hospitali za umma ipo pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari yenyewe inahusu uhai wa mtu. Wachache mno wanaijua hiyo ya saa 48. Mtoto aliye mahututi katika hospitali ya pili, ambaye madaktari wake hawajui alipewa nini katika ile ya kwanza, ni mfano halisi wa jambo linalohusu uhai.

Ombi liandikwe. Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi na ibaki kwa mzazi. Karani akikataa kugonga muhuri, mzazi aitume kwa barua pepe kutoka saiba yoyote ya mtaani, maana barua pepe nayo hubeba tarehe. Anayeomba kwa mdomo huwa hana cha kuonyesha kwamba aliomba.

Bili nayo hutumiwa kama kufuli. Mzazi anaogopa kulalamika kwa sababu mtoto bado yuko wadini na deni linaongezeka, au kwa sababu ameambiwa hatatoka bila kulipa. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kukosa pesa, iliamua kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Zoea hilo halijafa. Lakini mzazi anayejua kwamba uamuzi huo upo huzungumza na afisa wa fedha kwa sauti nyingine. Deni hubaki deni, na linaweza kudaiwa kama madeni mengine, pasipo mtoto kuwekwa rehani.

Kisha aombe mkutano na msimamizi wa kituo. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 14, inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu jinsi alivyohudumiwa na malalamiko hayo kuchunguzwa, na inataka utaratibu wa kulalamika ubandikwe mahali panapoonekana katika kila kituo cha afya. Yeyote anayeingia kituo cha afya mtaani na autafute utaratibu huo ukutani. Atakuta bei za huduma, na mabango ya chanjo na kunawa mikono. Maelezo ya nani wa kumlalamikia, na jibu litatoka lini, aghalabu hayapo.

Katika mkutano huo mzazi asiende peke yake, na asiende na umati. Watu wawili watulivu wanatosha. Maswali yawe machache na ya moja kwa moja: Nini kilitokea? Mlijua lini? Mtoto anahitaji nini sasa, na nani atagharamia? Mmebadilisha nini ili mtoto mwingine asipatwe? Mkutano ukiisha, yaliyosemwa yaandikwe na kutumwa kwa msimamizi. Na hata kama ameahidiwa pesa, asitie sahihi hati yoyote siku hiyo. Zipo familia zilizowekewa mbele karatasi ya kukubali kwamba hazitadai chochote tena, zikaitia sahihi kwa sababu jeneza lilihitaji kununuliwa.

Mtoto akifariki, kila kitu hubadilika, na uamuzi mgumu kuliko yote unafika wakati mzazi hana nguvu ya kuufanya. Ni uamuzi wa upasuaji wa maiti. Bila uchunguzi huo, chanzo cha kifo hubaki maneno ya hospitali dhidi ya maneno ya mama, na mwaka mmoja baadaye hakuna baraza wala hakimu atakayejua ukweli. Desturi zetu zinasukuma upande mwingine. Familia yenye asili ya Magharibi au Nyanza inachangisha pesa za gari la kwenda nyumbani, na kila siku mochari inaongeza gharama. Waislamu wa Kibera, wakiwemo Wanubi wa Makina, huzika mapema iwezekanavyo, na kumwambia mzazi wa Kiislamu asubiri si jambo la kusemwa kwa wepesi. Yapasa lizungumzwe usiku huo huo na imamu na wazee, watu wanaoelewa kwamba kuna vifo ambavyo sheria na haki ya mtoto zinadai kuchunguzwa. Familia itakayoamua kuzika bila uchunguzi isilaumiwe na mtu. Ila ijue inachoacha.

Wakiamua kuchunguza, kifo kiripotiwe polisi na wapate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Familia ina haki ya kuwa na daktari wake wakati wa upasuaji, na ni vyema imwombe awepo, hata kwa kumchangia nauli na ada, kwa sababu maswali yanayoulizwa mle ndani huulizwa mara moja tu. Pale ambapo kifo kina utata, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inaruhusu hakimu kuendesha uchunguzi wa wazi kuhusu chanzo chake. Bunge lilipitisha sheria ya huduma ya kitaifa ya uchunguzi wa vifo mwaka wa 2017. Kama taasisi hiyo ingefanya kazi mashinani ilivyokusudiwa, mzazi aliyefiwa asingelazimika kuzunguka kati ya polisi, mochari na hospitali akiomba kila mmoja afanye wajibu wake.

Malalamiko ya kitaaluma yana mlango wake, na kukosea mlango hugharimu miezi. Mtaani kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Huenda ni nesi, huenda ni afisa wa kliniki, huenda ni mtu asiye na leseni yoyote. Daktari, daktari wa meno na leseni ya hospitali yenyewe viko chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lililokuwa Bodi hadi sheria ilipobadilishwa mwaka wa 2019. Nesi yuko chini ya Baraza la Wauguzi, afisa wa kliniki ana baraza lake, na kemisti anasimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mzazi asiyejua aliyemtibu mwanawe alikuwa nani anaweza kuanza na Baraza la Madaktari kwa kulalamikia kituo chenyewe, kwa kuwa kituo hakiwezi kukana leseni yake. Na kama hakina leseni, hilo ni kosa jingine la kuripotiwa.

Ofisi za Baraza ziko Woodlands Road, karibu na Lenana Road. Mtu wa Kawangware hupanda matatu ya 46 akashuka Hurlingham na kutembea kidogo. Jengo liko karibu mno, lakini akilini mwa wengi liko mbali, kana kwamba ni la watu wa Kilimani pekee. Hakuna sheria inayomtaka mlalamishi awe na wakili. Anachohitaji ni maelezo yaliyopangwa kwa tarehe, pamoja na nakala za zile karatasi alizozikusanya. Baraza linaweza kumwita daktari ajieleze, kumwadhibu, kumsimamisha, hata kumfutia usajili. Kazi yake ya msingi ni nidhamu, kwa hiyo mzazi anayetaka fidia ajiandae kwenda mahakamani pia. Uamuzi wa Baraza, hata hivyo, humsaidia huko, kwa sababu madaktari husitasita kutoa ushahidi dhidi ya wenzao, na maoni ya jopo la wataalamu hayapatikani kwa bei rahisi.

Mahakamani adui mkubwa ni kalenda. Sheria ya ukomo wa mashtaka, Sura ya 22, inatoa miaka mitatu kufungua kesi ya madhara ya uzembe. Kwa Serikali muda ni mfupi zaidi: Sura ya 39 inatoa miezi 12 tu. Mabishano kama hospitali ya kaunti inaingia katika muda huo mfupi waachiwe mawakili, na mzazi mwenye busara ahesabu miezi 12 tangu siku ya tukio. Sheria ina masharti yanayowahusu watoto na wale waliochelewa kujua ukweli, lakini masharti hayo yana vizingiti, na haifai kumwekea mtoto matumaini yote hapo. Asiye na pesa za wakili anaweza kubisha Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1973 na lenye ofisi Ole Odume Road, Kilimani, au kuomba msaada wa kisheria wa Serikali uliowekwa na sheria ya 2016.

Ajue pia kwamba ni safari ndefu. Wasomaji wa rika fulani wanamkumbuka Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya Whispers iliyochekesha Kenya nzima. Machi 2003 alikwenda kutolewa uvimbe mdogo mgongoni, upasuaji wa kawaida kabisa. Hakuzinduka. Alilala katika hali ya kupoteza fahamu kwa siku 137 na kufariki Julai mwaka huo. Familia yake, iliyokuwa na jina linalojulikana na kila mhariri nchini, ilihangaika na kesi kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mama anayeuza sukuma wiki Kawangware hana jina hilo.

Lakini wapo wasio na majina waliosikizwa. Mwaka wa 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya rufaa ya Bungoma, akapigwa na kutukanwa na manesi. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5, na ikaagiza aombwe radhi rasmi. Pesa ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa magazetini, na ile radhi ikatajwa kwa kupitia tu. Makala haya yanaipa uzito sawa. Mzazi aliyeumiziwa mtoto hutaka kwanza mtu mmoja mwenye cheo amtazame usoni na kumwambia kilichotokea. Akikosa hilo ndipo anapotafuta wakili, na wakati mwingine ndipo vijana wa mtaa wanapotafuta mawe. Hospitali zinazonyamaza kwa kuogopa kesi huishia kuzichochea. England iliweka katika sheria mwaka wa 2014 wajibu wa hospitali za umma kumweleza mgonjwa au familia ukweli pale anapodhurika. Kenya inafaa kufanya hivyo, na isingoje kashfa nyingine ya watoto 28.

Ushahidi kwamba wazazi wanaweza kubadilisha hospitali upo. Josie King alikuwa na umri wa miezi 18 alipofariki mwaka wa 2001 katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mojawapo ya hospitali mashuhuri zaidi duniani. Aliungua kwa maji moto, akaanza kupona, kisha akaishiwa maji mwilini na kupewa dawa kali ya maumivu huku mama yake, Sorrel King, akisema tangu awali kwamba mtoto ana kiu na hali yake si nzuri. Sorrel alitumia pesa za fidia kuanzisha wakfu, na akarudi katika hospitali ile ile kufanya kazi na madaktari ili yasitokee tena. London, Martha Mills wa miaka 13 alifariki Agosti 2021 kwa maambukizi yaliyosambaa mwilini, baada ya kuanguka na baiskeli, wazazi wake wakiwa wamewatahadharisha madaktari. Mwaka uliofuata uchunguzi wa kifo ulisema yamkini angepona kama angepelekwa mapema katika wadi ya wagonjwa mahututi. Mama yake, Merope Mills, aliandika na kushinikiza hadi hospitali za England zikaanza mwaka wa 2024 kutekeleza kanuni inayobeba jina la Martha: mzazi anayeona mtoto wake anazidiwa na hasikilizwi anaweza kupiga simu, usiku au mchana, na kundi jingine la wataalamu likaja kumwangalia.

Visa hivyo viwili vina jambo moja ambalo kila nesi wa wadi ya watoto Mbagathi analijua. Mama huona mapema. Anaweza kukosa maneno ya kidaktari, lakini anajua mtoto wake akilia kwa uchungu na akilia kwa njaa, na anajua kimya kisicho cha usingizi.

Nyumbani, wakati haya yote yakiendelea, kuna vita vingine. Wakwe huuliza kwa nini mtoto alipelekwa kliniki ile. Mume aliyekuwa mjengoni huuliza kwa nini hakupigiwa simu. Mama hujiuliza hayo yote na zaidi, saa nane usiku, bila kuulizwa na mtu. Kosa la mtu mwingine huhamia kwake taratibu, na ndoa nyingi hazivuki hapo. Mchungaji, imamu au mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba hiyo ana kazi moja kubwa, kumwambia mama mbele ya wakwe zake kwamba kumpeleka mtoto kwa mganga mwenye leseni halikuwa kosa lake. Baba naye alie. Wanaume wa mitaa hii huzika watoto Jumamosi na kurudi kibaruani Jumatatu, na hakuna anayewauliza kitu.

Mtoto aliyebaki na ulemavu asingoje kesi iishe ndipo asaidiwe. Tiba ya viungo ikianza mapema, mguu uliolegea kwa sindano au mkono uliojeruhiwa wakati wa kuzaliwa unaweza kupata nguvu ambazo hautazipata baadaye. Asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Atafutiwe shule inayompokea, na Kibera ina mfano mzuri katika Little Rock, ambako watoto wenye ulemavu na wasio nao husoma pamoja. Risiti za matibabu na nauli zote zihifadhiwe, maana fidia ya gharama hudaiwa kwa risiti.

Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani liliifanya siku ya usalama wa mgonjwa, Septemba 17, kuwa ya watoto wachanga na watoto wadogo. Kaunti ya Nairobi haihitaji sheria mpya ili kuitikia wito huo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya tayari kinataka utaratibu wa malalamiko ubandikwe ukutani, basi ubandikwe, kwa Kiswahili, ukiwa na jina la afisa na nambari ya simu inayopokewa. Kila mtoto apimwe kilo kabla ya dozi, na kilo hizo ziandikwe kwenye kadi ambayo mama anakwenda nayo nyumbani. Nakala ya faili itolewe kwa mzazi siku ya kuruhusiwa kutoka, aombe asiombe. Hayo yanahitaji mizani nzima, karatasi na mtu mmoja aliyepewa jukumu, na yanaweza kuanzia Riruta na Mbagathi kabla ya bajeti ijayo kusomwa.